Fungate Upande Huu

Wakili alisema: nendeni popote, ila msivuke.
Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya blauzi,
akarudia polepole, kama anayeeleza dozi ya dawa:
Nchi ni kubwa. Kaeni ndani yake.
Zurab akatoka pale akicheka.
"Nchi kubwa," akasema, "nami nimo ndani ya bahasha."

Bahasha yenyewe ya kaki, imechakaa pembe:
stakabadhi kwamba ombi limepokelewa,
cheti cha ndoa chenye muhuri wa kaunti,
bili ya umeme yenye majina mawili
(langu wamelikosea herufi, tumeliacha hivyo hivyo)
na picha kumi na nne za sisi tukipendana.

Tulipanda treni Toledo, saa tisa usiku.
Shati lake lilinukia hamira.
Alikuwa ametoka zamu; aliomba wiki,
mwenye duka akampa siku tatu na mkate wa zabibu.
Fungate, kwa hesabu ya wahenga, ni saba.
Sisi tulihesabu tatu tukasema zinatosha,
mwenye njaa hana miiko.

Kabla ya Buffalo taa ziliwashwa.
Wanaume wawili, sare za kijani,
wakaja kiti kwa kiti, "uraia?", "uraia?",
kwa sauti ya mtu anayehesabu magunia.
Mimi nilijibu neno moja, nikapitwa.
Yeye alijibu kwa karatasi.
Tochi ilisoma mstari kwa mstari,
ikarudi juu, ikasoma tena.
Nyuma yetu bibi mmoja alikuwa akimenya chungwa.
Kisu kilisimama.
Treni pia ilikuwa imesimama
ila miguuni mwangu ilizidi kwenda.

"Mnakwenda wapi?"
"Kwenye maporomoko."
"Upande gani?"
"Huu," tukasema pamoja, upesi,
kama wezi ambao hawajaiba kitu.
Akarudisha karatasi. Chungwa likaendelea.

Upande huu maporomoko unayaona kwa ubavu,
kama mtu anayezungumza na mwingine
nawe umekaribishwa kusikiliza tu.
Kule ng'ambo, wanasema, yanakutazama usoni.
Kule kuna gurudumu la taa, hoteli zenye madirisha marefu,
na maharusi wanaokuja darajani kutupungia
bila kujua wanampungia nani.
Nikaanza: "Maji hayaulizwi—"
"Usiseme," Zurab akanikatiza.
"Kila mtu husema hivyo. Maji hayana mke."

Basi tukapiga picha. Ya kumi na tano, ya kumi na sita.
Nilimbusu nikiiwaza meza ya afisa.
Nikambusu tena bila kuwaza lolote,
na hiyo haikutoka:
kidole cha mpigaji kimeziba lenzi.

Usiku, katika moteli nyuma ya kituo cha mafuta,
tuliulizana kama wanafunzi wa mtihani.
Pazia rangi gani? Udongo.
Nani alilala upande wa ukuta? Wewe.
Nilikula nini asubuhi? Mayai, ukaacha kiini.
Mama yangu anaitwa nani? Nanuli,
na ana meno mawili ya dhahabu,
na sijawahi kumshika mkono.
Naogopa nini?
Hilo halimo kwenye orodha, nikasema.
Jibu tu, akasema.
Friji ndogo ilinguruma, ikanyamaza.
Nilizima taa.

Alipolala niliviona viatu vyake
kwa mwanga wa bango la petroli:
vimepangwa kando ya kitanda, kamba wazi,
ncha zimeelekea mlangoni.
Nikashuka, sakafu baridi,
nikavigeuza vitutazame.

Asubuhi alivivaa, hakuuliza.
Kamba ya kushoto aliifunga mara mbili.
Hili sitalitia kwenye bahasha.