Kabla ya Kuiita Maktaba

Mkanda una saa arubaini na moja,
gigabaiti mia mbili na kumi na ushei.
Kamera tuliifunga chini ya daraja, hapa Kutaisi,
itutafutie kwenye mto Rioni yule samaki wa kale
mwenye mafundo ya mfupa mgongoni,
ambaye Ushangi anaapa amemwona
na ofisi inasema hayupo.

Programu yangu ya Paithoni husoma fremu kwa fremu
mpaka saa ya kumi na tisa, dakika ya sita.
Hapo hudai imemaliza.
Haifoki, haigomi. Huaga kama mgeni aliyeshiba,
na nusu ya mto bado imo sahanini.

Usiku wa kwanza nililaumu diski.
Wa pili nikalaumu kumbukumbu, nikaukata mkanda vipande;
kipande cha ishirini kikafa palepale.
Wa tatu ndipo nikausoma mstari wa kijivu
niliokuwa nikiuruka tangu Jumatatu:
nimejaribu mara elfu nne na tisini na sita,
sikupata picha, nimeacha.

Nikavaa visikilizio.
Mvua iliipofusha kamera, haikuiziba masikio.
Dakika tatu za sauti tupu:
maji, lori juu ya daraja, maji,
mwanamke anamwita mbwa, Kursha, Kursha,
maji.
Programu inafungua kifurushi: sauti.
Kingine: sauti.
Cha elfu nne na tisini na sita: sauti.
Nani aniambie ingengoja zaidi?
Mimi nimeacha watu kwa pungufu ya hapo.

Dawa ni kigezo kimoja cha mazingira:
jaribu mara laki moja.
Nikakiandika. Nikaendesha.
Dakika ya sita, kwaheri.

Saa tisa usiku Ushangi akaja na chai na kipande cha mkate,
akaegemea bega langu, akatafuna, akasoma.
"Mzevinari, unamwagiza nani? Ameshatoka."

Kweli. Maktaba niliiita mstari wa kwanza,
agizo nikaliweka wa tano.
Nayo huamka mara moja tu,
hutupa jicho chumbani, hujifunza ada za nyumba,
kisha hata ukibandika tangazo mlangoni haligeukii.

Nikalipandisha agizo juu kabisa,
juu ya kila ninachokiita,
hata juu ya jina langu.

Dakika ya sita ikapita.
Ya saba. Ya tisa, na picha ikarudi imechafuka:
tope, chupa, tawi, tope,
halafu fremu tatu, tatu tu,
za kitu kirefu chenye mafundo
kikikata mkondo kwenda juu.

Ofisi itasema ni tawi.
Nikageuka nimwulize Ushangi.
Amelala, makombo kidevuni,
kiwiko kwenye kibodi,
na kwenye skrini, chini ya kazi yangu yote,
herufi moja inajiandika, inajiandika, inajiandika.