Maelezo ya Zana ya Kufuta Ukurasa

Saa kumi jioni, Tartu imeshakuwa usiku.
Mto umeganda kingoni, katikati bado unapita,
mweusi, kama mstari wa kalamu iliyokataa kuinuliwa.
Nimepewa kazi ndogo: sentensi nne, zikizidi tano,
za kueleza zana iitwayo futa_ukurasa
kwa msomaji asiye na macho.

Miaka tisa nimewaandikia watu.
Mtu ukimwambia "kuwa mwangalifu" hukohoa kidogo,
mkono wake husita juu ya kipanya,
hukumbuka kitu alichowahi kupoteza.
Wakala wa akili mnemba hana cha kukumbuka.
Mwambie "angalia," atauliza, kama atauliza:
niangalie nini, kwa kipimo gani, hadi lini?

Raigo, aliyeiunda zana, ananiletea kahawa.
"Andika tu kwamba inafuta ukurasa. Jina linajieleza."
Jina, Raigo, halijawahi kumweleza mtu.
Mimi naitwa Maarika, na bado hujui lolote.

Naandika:
Hufuta ukurasa mmoja wa faili na kila kilichomo.
Nafuta "kila kilichomo."
Naandika: fremu, picha, maandishi, maoni ya wenzio.
Naandika: Hupokea kitambulisho cha ukurasa, si jina lake.
Majina hufanana, kama mapacha darasani
(hili la mapacha naliondoa, msomaji hana darasa).
Naandika: Ukurasa pekee uliobaki haufutiki.

Hapo kidole kinakwama.

Bibi Leida alikuwa na albamu ya jalada la kitani.
Utotoni nilizisoma namba alizoandika pembeni kwa penseli:
kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na saba.
Nikauliza. Akaendelea kumenya kiazi.
Ganda likashuka refu, halikukatika, ndipo akasema:
"Kaka yangu alivaa sare isiyotakiwa,
na usiku ule tanuri lilikuwa na moto."
Basi.
Miaka hamsini penseli ilikuwepo, kifutio kilikuwepo,
na kumi na saba ikabaki kumi na saba.
Pengo ndilo lililokuwa picha yake.

Zana yetu ni nadhifu kuliko bibi.
Ukifuta wa kumi na nne, wa kumi na tano husogea,
hukalia kiti ambacho joto halijapoa.
Naandika, kwa sababu ni kweli:
Kurasa zilizobaki hujipanga upya. Pengo halionekani.
Nainuka. Nafunga dirisha ambalo halikuwa wazi. Narudi, naongeza:
Kwa hiyo, kabla ya kufuta, mtajie mtumiaji unachokifuta,
kisha usubiri jibu. Kimya si jibu.

"Kimya si jibu," Raigo anasoma kwa sauti.
"Haya ni maelezo au mahubiri?"
"Ni sharti," namwambia. "Weka."
Anakuna shingo. Anaweka.

Tunajaribu kwa faili la bandia, la duka la baiskeli:
kurasa sita, mbili kati yake zimeitwa Rasimu.
Nampa wakala amri ya mtu aliyechoka:
safisha humu, ondoa ile rasimu.
Nukta tatu zinacheza kwenye kioo.
Maji yakimwagika hayazoleki,
lakini haya bado yamo kikombeni, yanatikisika.

Kisha:
Rasimu ziko mbili. Moja ni tupu.
Nyingine ina picha ya mtu amesimama kando ya baiskeli.
Nifute ipi?

Raigo ananyoosha mkono ajibu.
Nauzuia.
Ngoja kidogo, nasema.
Nataka kuona kama atasubiri.