Hodi, Kibada

Hodi hupigwa tatu.
Usipoitikiwa, geuka uende zako. Ndivyo tulivyolelewa.
Sisi tunapiga kumi na mbili, palepale:
Kondo na nyundo ya kilo saba,
bamba la chuma limelazwa mchangani
kati ya duka la vocha na ukuta wa madrasa.

Jiofoni ishirini na nne nimezichomeka mwenyewe,
mita mbili, mita mbili, magoti yakila vumbi
hadi kwenye mfereji wa maji ya kufulia.
Injinia Mwamvita kainua mkono.
Kimya.
Mashine ya kusaga imezimwa, tena kwa kubembelezwa.
Bodaboda anaisukuma pikipiki kwa miguu, ananung'unika.
Jogoo hakuambilika.

Pa!

"Ardhi kawakosea nini?" anauliza muuza vitumbua.
Hajakosea. Tunamsikiliza.
Pigo moja ni umbeya;
kumi na mbili, zikilaliana, ni ushahidi.

Mchanga mkavu hubeba sauti kivivu,
mtoto aliyetumwa chumvi akapitia kwenye mpira.
Ulioshiba maji, sauti inatimka,
inagota kwenye mfinyanzi, inarudi mbio
kabla Kondo hajashusha pumzi.

Jioni, kwenye kioo cha kompyuta:
kifusi, mchanga,
na kwenye mita kumi na moja mstari umekoza.
Chini yake mfinyanzi umeinama kuelekea baharini
kama sahani iliyoegemezwa ukutani ijikaushe.

Bi Sikudhani amechungulia begani kwangu muda wote.
Visima viwili vimeshamla akiba:
cha kwanza kikavu,
cha pili sabuni haitoi povu
na maziwa yanakatika kwenye chai.

"Yapo?"
"Yapo."
"Matamu?"

Mwamvita akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Mwangwi unajua kina, mama. Hauna ulimi."

Bi Sikudhani akatazama ule mstari,
akatazama ua wake, ndoo zake za buluu,
akachora duara kwa kisigino karibu na mpapai.
"Ulimi ninao mimi. Anzeni hapa."

Mimi nikang'oa jiofoni, moja moja,
kila kitundu nikakifukia kwa kidole.
Ng'ambo ya njia mashine ikawashwa,
na ardhi ikarudi kutetemeka
kwa unga wa watu.