Gari Lisilo na Kitasa

Lilitoka Kibosho, chini ya turubai,
kwenye ghala la kahawa la Mgiriki aliyeondoka
akamwachia mpishi funguo, na dukani deni.
Baba alilinunua kwa wajukuu wa mpishi
kwa ng'ombe wawili na redio.
Jeupe. Grili kama meno ya mtu anayecheka msibani.
La mwaka hamsini na nne.

Vijana wa Njoro wakaligonga kwa vidole: ko, ko.
"Fundi Elinami, umeuziwa ndoo!"
Bati halipo. Ni nyuzi za kioo na gundi,
vipande arobaini na sita, kimoja kimoja,
vilivyobandikwa huko Amerika na watu
ambao nao walikuwa wanajaribu tu.
"Kutu italisubiri sana," baba akajibu.

Kisha akanieleza, spana mkononi:
"Watu wanadhani lilizaliwa simba.
Lilizaliwa na sura. Mapafu yalikuwa ya gari la kanisani:
silinda sita kwenye foleni, gia mbili, basi.
Mvua iliingia, wanunuzi wakanung'unika,
kiwanda kikakaribia kulizika.
Mwaka uliofuata wakalipa silinda nane,
ndipo jina likaenea.
Hili letu ni la kabla ya jina."
Alisema kwa fahari nisiyoielewa,
kama anayemtaja mtoto wake aliyerudia darasa.

Akaja bwana Ngilisho wa Arusha,
mwenye magari ya watalii kumi na mawili.
Tuchomoe injini, tuweke dizeli ya Landkruza.
Akaweka bahasha juu ya betri.
Baba akaipangusa vumbi, akamrudishia.

Lakini usiku nilimkuta kaichokonoa Landkruza mbovu,
ile ya petroli, ya zamani,
amelaza gasketi juu ya gasketi.
Zilifanana kama mtu na binamu yake.
Tundu la kwanza likakubali, la pili, la tatu.
La nne likakataa kwa unene wa ukucha.
"Undugu wa sura," akasema, "si undugu wa vipimo."
Tukachonga yetu.
Nyufa tukaziba kwa gundi ya wajenzi wa paa za magari ya mbugani;
nywele zangu zilinuka mpaka Pasaka.

Kabureta tatu niliachiwa mimi.
Vidole vyake vilikuwa vimeanza kutetemeka. Hatukulisema.
Kabureta haisomi kitabu, inasoma hewa:
hapa mjini inakunywa sawasawa,
ukipanda Marangu inakohoa masizi.
Nusu mzunguko wa bisibisi. Robo. Nusu ya robo.
Nikatega sikio kwenye kipande cha mpira wa bustani,
koo baada ya koo,
mpaka zote zikavuta pumzi moja.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, barabara ya TPC.
Miwa kulia, miwa kushoto, Kibo ndani ya kioo.
Usukani uko kushoto, basi baba ameketi kulia,
pale ambapo maisha yake yote amekuwa dereva,
mguu wake ukikanyaga breki isiyokuwepo.

Nikakanyaga mafuta.
Bodaboda yenye kreti za soda ikatupita.
Tukacheka. Kisha gia ya pili ikaingia
taratibu, kama mtu anayekumbuka jina,
miwa ikawa ukuta mmoja wa kijani,
na sauti ile haikuwa ngurumo,
ilikuwa cherehani kubwa ikishona lami.
Bodaboda ikabaki nyuma, mdomo wazi.

"Kumi na tisa," akasema, macho kwenye saa.
Sekunde, toka kusimama hadi maili sitini.
"Wao walipata kumi na moja."
"Lao lilikuwa jipya."
"Na dereva wao hakuwa anacheka."

Langasani watoto wakalizunguka
wakitafuta mahali pa kufungulia.
Hakuna. Waliolibuni walisahau kitasa cha nje,
au hawakutaka.
Kasichana kamoja, mswaki mdomoni,
kakapenyeza mkono juu ya mlango, kakapapasa ndani.
Klik.
Kakakaa kwenye mapaja ya baba.
"Linakwenda wapi?"
"Muulize dereva," baba akasema.