Kabla Hatujaangalia

Desemba, Tromsø. Jua liliaga wiki tatu zilizopita
na halikuacha anwani.
Saa tano asubuhi dirishani ni buluu tu,
kama wino uliomwagikia maji.
Gunnvor amefungua fomu ya usajili.
Mimi ni msomaji wa pili; kazi yangu leo ni kahawa.

Swali: Je, taa ya mwanga mkali,
nusu saa kila asubuhi,
huwapunguzia wazee huzuni ya majira ya giza?

Ameliandika mara kumi na moja.
Mara ya kwanza halikuwa swali,
lilikuwa dua.
Mama yake alikaa mbele ya taa kama hiyo
miaka sita, mikono mapajani,
na kila Februari alisema, "Naona nafuu,"
na kila Februari Gunnvor hakujua
ni taa iliyofanya kazi
au ni jua lililokuwa njiani kurudi.

Sivert Brattli, mtu wa takwimu, hana masihara:
"Umeandika 'hali njema.' Hali njema ndiyo nini?
Kwa dodoso gani? Wiki ya ngapi?
Ukiacha mlango huu wazi, utapitia humu humu
siku matokeo yatakapokukataa."
Hakumtukana. Mwamba ngoma
ngozi huivutia kwake,
na mkono wenyewe haujui kwamba unavuta.

Basi tukaandika: wiki ya nne.
Dodoso moja, kwa jina lake.
Umri kuanzia sitini na tano. Lugha yoyote.
Wasomaji wawili, kila mmoja peke yake;
tukipishana, Sivert ataamua.
Aud Kvalnes, mkutubi, akaleta maneno ya kutafutia,
mistari arobaini na miwili,
mabano ndani ya mabano kama sweta aliyoifuma mwenyewe.
"Neno moja likisahaulika," akasema,
"kuna mgonjwa mahali fulani
aliyejaza madodoso bure."

Upo utafiti mmoja Gunnvor ameusikia.
Wazee thelathini, mji wa Oulu, matokeo matamu.
Hajaufungua.
Ananiambia usiku huota anausoma,
na kila akifika kwenye jedwali, herufi zinakuwa theluji.

Fomu inauliza: *Mmekwisha kuanza kuchambua?*
Hapana.
Kurasa kumi na nane tumeandika,
na zote zimeegemea kineno hicho.

Akabofya. Hakuna kengele iliyolia.
Siku ya tisa ikaja namba, na kando yake tarehe,
na tangu hapo mtu yeyote tusiyemjua
anaweza kutushika shati na kusema: mliahidi hivi.

Itifaki tukaipeleka kwenye jarida.
Mhakiki asiye na jina alikuwa na maoni matatu.
Mawili ya nukta na mkato.
La tatu: "Mtafanya nini taa ikiwa si kitu?"
Gunnvor akajibu, "Tutasema."
Akafuta, akaandika sentensi ndefu ya kitaalamu
yenye maana ile ile.

Ikachapishwa Machi. Aprili tukafungua tafiti.
Oulu walipima wiki ya sita.

Hakuna aliyeongea. Sivert alikuwa anafuta miwani safi.
"Marekebisho yanaruhusiwa," akasema Aud.
"Andika tarehe, andika sababu, kila mtu aione."
Gunnvor akaandika tarehe.
Akaandika sababu, mistari miwili, mizuri sana.
Akaisoma kwa sauti,
na katikati ya mstari wa pili akanyamaza,
kama mtu aliyesikia akiitwa kutoka chumba kingine.
Kisha akaifuta.

Wiki ya nne ikabaki wiki ya nne.
Oulu tukawaweka kwenye jedwali la pembeni,
kwa jina lao, na sababu ya kuwaweka huko.

Jibu lenyewe bado. Bado tafiti kumi na nne.
Taa ya mama yake iko stoo,
waya umezungushiwa shingoni.
Hajaiwasha. Hajaitupa.