Buti Tatu na Nusu

Simu ya Irakli imeingia asubuhi kutoka Tbilisi:
kijitabu cha msimu kinakwenda kuchapwa Ijumaa
na njia za Tsiuri bado hazina alama.
Buti moja kwa matembezi ya kushusha chakula,
buti tano kwa wenye mapafu ya akiba.
"Usiniandikie riwaya," kasema. "Chora buti."

Basi amekaa jikoni, Mestia, penseli sikioni,
mvua ya Mei inachapa bati,
na mama yake, Lamara, anakanda unga wa mkate wa nyama
akiuliza kwa mara ya tatu: buti za nani?

Njia ya kwanza inafuata mto.
Saa mbili, tambarare, ng'ombe wamelala njiani;
daraja la kwanza, linaishia kwenye daraja la kamba.
Buti moja. Imekwisha.
Ila pana kile kipande cha tope
kilichommeza mwalimu wa hesabu wa Utrecht hadi magotini;
akacheka, akacheka, kisha akalia,
akasema kila mwaka huja na mkewe
na mwaka huu amekuja na fimbo zake mbili tu.
Tsiuri aliandika moja. Akaifuta. Akaiandika tena.

Njia ya pili, kupanda hadi msalabani juu ya mji.
Mita mia tisa, na kivuli hakuna.
Wageni huulizia kupanda tu,
kurudi hakuna akuuliziaye.
Mchongoma hauoti huku,
lakini kushuka ndiyo ngoma ileile:
kokoto zinaviringika kama maharage sakafuni,
goti linaanza kusema saa nane mchana
na halinyamazi hadi kitandani.
Aliyeita kazi nyepesi mteremko
hakuteremka hapa na kilo kumi na mbili mgongoni.
Buti tatu. Tatu na nusu.
(Irakli: "Nusu buti naichoraje? Soli bila kisigino?")

Njia ya tatu ni Adishi, na mto wa barafu.
Alfajiri maji hayapiti shavu la mguu.
Saa nne, jua likishaifikia barafu huko juu, yamefika pajani;
saa saba hata farasi wa Gerasime anakataa kwa kichwa.
Njia ni ileile, jiwe kwa jiwe:
buti mbili kwa aliyewahi,
buti tano kwa aliyeongeza kikombe cha chai.
Sasa apime nini, mto au chai?

Mwaka juzi kijana wa Leipzig, mkimbiaji wa marathoni,
alifumba macho katikati ya mkondo, juu ya farasi,
akagoma kwenda, akagoma kurudi.
Gerasime, maji yamemfika kiunoni, hatamu mkononi,
akamsimulia bei ya mbolea, bei ya trekta la binamu,
bei ya jino la dhahabu la shangazi yake,
mpaka ng'ambo ikafika yenyewe.
Nne, basi. Nne.

"Na njia yangu?" anauliza mama.
"Ipi?"
"Ya nyasi."
Kiwanja cha Lamara kiko juu ya msitu wa misonobari.
Kila Agosti hukipanda na fyekeo begani,
hushuka na robota pana kuliko mlango,
mwaka wa hamsini na mbili huu, viatu vya mpira.
Tsiuri anaujua ule mwinamo, lile jabali linalovuja,
pale ambapo ukishaingia hugeuki.
Buti zote za Irakli hazitoshi.
"Haimo kijitabuni, mama."
"Afadhali. Wasije wakanikanyagia nyasi."
Akarudi kwenye unga wake.

Ijumaa Tsiuri akatuma: moja, tatu, nne.
Chini yake akaongeza mstari:
*Kabla ya daraja pana tope. Msimharakishe mtu.*
Irakli akaukata.
Nafasi ilitakiwa kwa buti nane.