Kibaraza cha Jani

Daftari la istilahi liko wazi mezani, Mlimani.
Feni inayumba, karatasi nimezikandamiza kwa jiwe.
Bua, tumekubaliana.
Kifundo; na kati ya kifundo na kifundo, pingili:
hilo hata muuza miwa wa Mwenge analijua,
huzimenya akazipanga kwenye sinia.
Ala, maana bua limevikwa kama jambia.
Suke, na ndani ya suke visuke,
makapi mawili yamefumbata ua lisilo na rangi,
ua ambalo nyuki hana habari nalo.

Nimekwama pale jani linapoachana na bua.
Pana kitu pale. Utando, pengine safu ya nywele,
haufiki nusu ya ukucha wa mtoto.
Dokta Nyakunga anataka kijulimi:
ulimi mdogo, ndivyo Walatini walivyouita.

Asubuhi nikashuka bondeni, lenzi shingoni,
nikamkuta Chande, mkata majani wa Changanyikeni,
baiskeli yake imelala chini ya mzigo
wa ng'ombe wawili wa Mama Kileo.
Hakuniuliza natafuta nini.
Alichuma bua moja, akalibiringisha kwa vidole viwili.
"Hili lina kona tatu. Ndago. Ng'ombe hulibagua."
Akachuma la pili. "Hili duara, lina vifundo. Linalika."
Muhula mzima wa mwaka wa pili
katika dole gumba lenye kovu la mundu.

Nikampa lenzi. Nikamwonyesha pale.
"Kijulimi," nikasema.
Akacheka. "Ulimi? Umeshalisikia likisema?"
Akachovya kidole kwenye dumu, akaliangushia jani tone.
Tone likateleza mfereji wote wa jani,
likafika pale, likasimama.
Likatetemeka.
Halikuingia.
"Mgeni kaishia nje," akasema. "Hicho kibaraza."

Ya kangaga ni kesi nyingine.
Mwenye nyumba wangu Sinza, Mama Nasoro,
aliligeuza jani la kangaga lake la kwenye kopo la rangi,
akaona vidoti vya kahawia mgongoni, safu kwa safu,
akavisugua kwa sabuni ya kipande na mswaki.
"Nimeliponya upele," akaniambia, ameridhika.
Sikuwa na moyo wa kumweleza
ni ukoo gani uliokwenda na lile povu.
Vidoti vyenyewe bado havina jina daftarini,
nimeandika mara nne, nimekata mara nne.
Na lile jani changa lililojikunja,
wenzangu wanasema konokono. Mimi naona mkeka
ambao wageni wake hawajafika.

Alhamisi kamati ilikaa. Nilimwalika Chande.
Saa nne simu ya mlinzi ikalia:
"Kuna kijana hapa na mzigo wa nyasi, hana kitambulisho."
Nilipofika chini alishaondoka,
ng'ombe hawasubiri.
Pale barazani pa jengo, kwenye sakafu iliyopigwa deki,
nyasi tatu zilizodondoka
na alama ya tairi, bado mbichi.

Juu wakapiga kura: kijulimi, sita kwa moja.
Fomu ina safu iitwayo Chanzo.
Katibu akainua kalamu, bila ubaya wowote:
"Na hilo la kwako, limetoka kitabu gani?"

Kabati la tatu, karatasi ya mia nne na kumi na mbili,
chini ya unyasi ulioshonewa kwa uzi mweupe,
nimeandika kwa penseli, maana wino hufifia:
kibaraza. Chande, mkata majani.

Nje vuli imeanza.
Bonde lote, kuteremka hadi Changanyikeni,
linapokea wageni usiku huu,
na hakuna hata mmoja
aliyekaribishwa ndani.